William Ramsay na Gesi Zilizokataa Kuungana

Wahenga walinena kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkanya mtu anayekaa bure ilhali wenzake wanatenda. Neno hilohilo, ajizi, limeingia katika istilahi za kemia ya Kiswahili kuzitaja gesi ambazo haziungani kwa urahisi na elementi nyingine, nazo ni heliamu, neoni, argoni, kriptoni, zenoni na radoni. Wapo pia wanaoziita gesi adimu. Kwa sadfa, argoni yenyewe ilipewa jina lake kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu au asiyefanya kazi. Kwa hivyo Mgiriki na Mswahili wamekutana katika kuilaumu gesi kwa tabia ambayo si kosa lake.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote katika kuzifichua gesi hizi ni Sir William Ramsay, mwanakemia kutoka Uskoti aliyeishi kati ya mwaka wa 1852 na 1916. Maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa sababu moja kuu. Mwanakemia huitambua dutu kwa matendo yake: inaungua, inabadilisha rangi, inayeyusha metali, inaungana na nyingine na kuzaa kitu kipya. Ramsay alilazimika kuuthibitishia ulimwengu kuwapo kwa elementi ambayo haikutenda lolote kati ya hayo. Na baada ya kuithibitisha, aliishi zaidi ya miaka ishirini bila kupata jibu la swali lililofuata, yaani ni kwa nini gesi hiyo haikutenda.

Malezi na Elimu

William Ramsay alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1852 katika mji wa Glasgow. Baba yake alikuwa mhandisi, naye ami yake, Andrew Ramsay, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa jiolojia. Hivyo basi, sayansi haikuwa jambo geni nyumbani kwao. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alivunjika mguu akicheza kandanda, na katika siku za kuuguza mguu huo akajisomea kitabu cha kemia cha Thomas Graham. Nia yake haikuwa usomi. Alitaka kujua namna ya kutengeneza fataki. Kutokana na mchezo huo mapenzi ya kemia yakamwingia, wala hayakumtoka tena.

Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Ramsay alielekea Ujerumani, ambako kemia ya wakati huo ilikuwa imestawi kuliko mahali pengine popote. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Tübingen chini ya Rudolf Fittig na kutunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1872. Alirejea kwao na stadi mbili ambazo zingemfaa maishani. Ya kwanza ni lugha, kwani alikuwa mwepesi wa kujifunza lugha za kigeni na kuzizungumza. Ya pili ni ufundi wa kupuliza kioo. Katika enzi hiyo mwanasayansi aliyetaka chombo chenye umbo fulani alimtegemea fundi, lakini Ramsay aliketi mwenyewe mbele ya moto, akalainisha kioo na kukipuliza mpaka kikawa mrija au chupa aliyoitaka. Stadi hiyo ya mikono ndiyo iliyomwezesha baadaye kushughulikia viputo vya gesi vilivyokuwa vidogo kuliko punje ya mtama.

Mnamo 1880 aliteuliwa kuwa profesa wa kemia katika chuo cha Bristol, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa chuo hicho. Katika mwaka huohuo wa 1881 alimwoa Margaret Buchanan, nao wakajaliwa mtoto wa kike na wa kiume. Mwaka wa 1887 alihamia University College, London, akashika kiti cha uprofesa alichokikalia kwa takriban robo karne. Alipofika London alikuwa amekwisha kujulikana kwa tafiti zake juu ya vioevu na mvuke. Hata hivyo, lau maisha yake yangekomea hapo, jina lake lingejulikana na wachache tu.

Tofauti Ndogo ya Uzani

Jambo lililoyageuza maisha ya Ramsay lilianzia kwenye mizani ya mtu mwingine. Mwanafizikia John William Strutt, aliyejulikana zaidi kwa cheo chake cha Lord Rayleigh, alikuwa akipima uzani wa gesi za kawaida kwa uangalifu mkubwa. Aliipata naitrojeni kwa njia mbili. Kwanza, aliitoa hewani kwa kuiondoa oksijeni na gesi nyingine zilizojulikana. Pili, aliitengeneza kutokana na misombo, yaani dutu zinazoundwa elementi mbili au zaidi zinapoungana, kwa mfano amonia. Gesi iliyopatikana kwa njia zote mbili ingepaswa kuwa na uzani mmoja. Haikuwa hivyo. Lita moja ya naitrojeni ya hewani ilikuwa na uzani wa gramu 1.2572, ilhali lita moja ya ile ya misombo ilikuwa na gramu 1.2505.

Tofauti hiyo haifiki miligramu saba. Mtu mwingine angeilaumu mizani, akaandika wastani wa vipimo viwili na kuendelea na shughuli zake. Rayleigh alikataa kufanya hivyo. Mwaka wa 1892 alichapisha barua katika jarida la Nature akiwaomba wanakemia wamsaidie kupata maelezo. Tarehe 19 Aprili 1894 alilieleza suala hilo mbele ya Royal Society mjini London, na Ramsay alikuwa miongoni mwa waliomsikiliza. Rayleigh alielekea kudhani kwamba naitrojeni ya misombo ilikuwa na kitu chepesi ndani yake. Ramsay alidhani kinyume cha hayo, kwamba naitrojeni ya hewani ndiyo iliyoficha kitu kizito.

Ramsay alijua kwamba metali ya magnesiamu ikipashwa moto mkali huinyaka naitrojeni na kuungana nayo. Kwa hivyo aliipitisha naitrojeni ya hewani juu ya magnesiamu ya moto, akaipitisha tena na tena, kwa siku nyingi. Kila mara gesi ilipungua, na kila mara iliyobaki ikawa nzito zaidi. Ikiwa uzani wa haidrojeni utachukuliwa kuwa 1, naitrojeni ni 14. Gesi iliyosalia katika mirija ya Ramsay ilipanda kutoka 14 hadi ikakaribia 20, kisha ikagoma kabisa kupungua. Alipoitazama nuru yake kwa spektroskopu, chombo kinachoupambanua mwanga katika mistari ya rangi zake, aliona mistari ambayo haikuwa ya gesi yoyote iliyojulikana.

Ni vyema kukumbuka hapa kwamba gesi hii ilikuwa imeonekana miaka mia moja na zaidi kabla ya hapo. Mwaka wa 1785 Mwingereza Henry Cavendish alipitisha cheche za umeme katika hewa aliyoiongezea oksijeni, akaiondoa naitrojeni yote aliyoweza, na mwishowe akabakiwa na kiputo kidogo kisichozidi sehemu moja kwa mia na ishirini ya naitrojeni aliyoanza nayo. Cavendish alikiandika kiputo hicho kwa uaminifu katika taarifa yake. Wasomaji wake walikisoma na kukipuuza kwa zaidi ya karne moja. Hewa wanayoivuta wanadamu wote ina argoni kwa kadiri ya asilimia 0.93, yaani zaidi ya lita tisa katika kila lita elfu moja, lakini kwa kuwa gesi hiyo haikufanya chochote, hakuna aliyeiuliza jina.

Ushahidi wa Kutotenda

Mnamo Agosti 1894 Rayleigh na Ramsay waliutangaza ugunduzi wao kwa pamoja katika mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Oxford. Katika mkutano huo ndipo lilipopendekezwa jina la argoni. Wapo waliofurahi, na wapo waliotilia shaka. Shaka hiyo haikuwa ya husuda tu, bali ilikuwa na msingi. Je, mtu anawezaje kudai kwamba ana elementi mpya ikiwa elementi hiyo haiungani na kitu chochote?

Ugumu wa swali hili unahitaji kufafanuliwa. Wanakemia wa karne ya 19 waliupata uzani wa atomu wa elementi kwa kuipima misombo yake. Waliiunganisha na oksijeni au klorini, wakapima, wakalinganisha na kupiga hesabu. Argoni iliwanyima njia hiyo. Rayleigh na Ramsay waliijaribu kwa oksijeni, kwa haidrojeni, kwa klorini, kwa fosforasi, kwa salfa, kwa sodiamu na kwa potasiamu, katika joto kali na kwa cheche za umeme. Haikuungana na yoyote. Ramsay alimpelekea mwanakemia Mfaransa Henri Moissan kiasi cha gesi hiyo ili aijaribu kwa florini, elementi kali kuliko zote, ambayo Moissan ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitenga. Florini, inayounguza hata vitu visivyoungua, nayo ilishindwa.

Hapo ndipo unapojitokeza ukomavu wa Ramsay. Hakuyaona majaribio hayo kuwa ni mfululizo wa kushindwa. Aliyaona kuwa ni matokeo. Kutoungana kwenyewe kukawa ndiyo sifa kuu ya gesi hiyo, na kwa kuwa kemia ilikuwa imefika ukingoni, akaigeukia fizikia. Walipima kasi ya sauti ndani ya argoni, kwani kasi hiyo hufichua jinsi gesi inavyolihifadhi joto, na jinsi inavyolihifadhi joto hufichua kama chembe zake ni atomu mojamoja au ni atomu zilizoshikana. Oksijeni na naitrojeni husafiri mbilimbili. Argoni ilionekana kuwa atomu pweke: haikuungana hata na atomu ya jinsi yake. Kutokana na hilo uzani wa atomu yake ukawa takriban 40.

Tokeo hilo lilizua balaa jingine. Mrusi Dmitri Mendeleev alikuwa amezipanga elementi zote katika jedwali lake kwa kuufuata uzani wa atomu, na jedwali hilo lilikuwa limejipatia heshima kubwa. Potasiamu ilikuwa na 39 na kalisi 40. Elementi yenye 40 isiyokuwa na ndugu wala jirani ingeingia wapi? Mendeleev mwenyewe alidhani kwamba argoni haikuwa elementi, bali ni naitrojeni ambayo atomu zake zimeshikana tatutatu. Kwa maneno mengine, Ramsay alikuwa ameshika kiputo cha gesi mkononi ambacho ama kilikuwa kosa, ama kilikuwa na uwezo wa kulitikisa jedwali ambalo wanakemia wote waliliegemea. Lau angekosea, sifa yake ingeharibika mbele ya Ulaya nzima. Ramsay alichagua njia ya tatu. Jedwali halikuwa na kosa, bali lilikuwa na safu nzima iliyokuwa haijaonekana, na argoni ilikuwa mwanachama wa kwanza wa safu hiyo kujitokeza.

Familia Nzima

Ikiwa dai hilo lilikuwa la kweli, argoni ingekuwa na ndugu. Wa kwanza alipatikana upesi. Mapema mwaka wa 1895 Ramsay alidokezewa kwamba madini fulani yenye uraniamu, yakichemshwa katika asidi, hutoa gesi iliyodhaniwa kuwa naitrojeni. Aliyanunua madini hayo, akaikusanya gesi na kuitazama kwa spektroskopu. Aliona mstari wa manjano uliong'aa ambao haukuwa wa argoni wala wa sodiamu. Ulikuwa ni mstari uleule ulioonekana katika mwanga wa jua mwaka wa 1868, ambao Norman Lockyer alikuwa ameuhusisha na elementi isiyojulikana duniani, akaiita heliamu kutokana na jina la Kigiriki la jua. Kwa miaka 27 heliamu ilikuwa elementi ya angani tu. Sasa ilikuwa katika mrija wa kioo jijini London, nayo haikuungana na kitu.

Mwaka wa 1897, katika mkutano uliofanyika Toronto, Kanada, Ramsay alitoa hotuba kuhusu gesi ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Alitoa hoja kwamba kati ya heliamu yenye uzani wa 4 na argoni yenye 40 sharti pawe na nyingine yenye 20 hivi. Mwaka uliofuata alianza kuitafuta pamoja na msaidizi wake kijana, Morris Travers. Mitambo ya kuigeuza hewa kuwa kioevu ilikuwa imevumbuliwa karibuni, na hewa ya kioevu ikiachwa ipate joto polepole, kila gesi huondoka kwa zamu yake. Naitrojeni huchemka katika nyuzi 196 chini ya sifuri, argoni 186 na oksijeni 183. Kinachokawia kuondoka ni kizito zaidi, na kinachotangulia ni chepesi.

Mwishoni mwa Mei 1898 walichunguza masalio ya hewa ya kioevu wakapata kriptoni, jina lenye maana ya iliyofichika. Mnamo Juni, kutokana na sehemu nyepesi ya argoni, walipata gesi iliyotoa mwanga mwekundu mkali kiasi kwamba walisahau kwa muda kupima chochote. Mwana wa Ramsay, aliyekuwa na umri wa miaka 13, alitaka iitwe kwa neno la Kilatini lenye maana ya mpya. Baba akalipenda wazo ila akalihamishia katika Kigiriki, ikawa neoni. Mnamo Julai walipata zenoni, yaani mgeni. Mgeni huyo kwa hakika ni wa nadra: katika hewa yote ni sehemu moja hivi kwa kila milioni kumi na moja. Katika mwaka huohuo Mjerumani Hugo Erdmann alizibuni gesi hizi jina la pamoja lenye maana ya gesi za kiungwana, kwa mfano wa dhahabu, ambayo haishiki kutu wala haichanganyiki ovyo na nyingine. Mvivu, mgeni, aliyefichika na mwungwana: majina yote hayo ni ya watu, na yote yalikuwa yakieleza jambo moja ambalo hakuna aliyejua chanzo chake.

Jedwali la Mendeleev halikuvunjika. Lilipanuka. Safu mpya ilitiwa kati ya familia ya klorini na familia ya potasiamu, ikapewa namba sifuri, kwa kuwa uwezo wake wa kuungana ulihesabiwa kuwa sifuri. Mendeleev, ambaye mwanzoni alipinga, aliikubali safu hiyo na kuitia katika jedwali lake mnamo 1902. Mwaka wa 1904 Ramsay alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, na Rayleigh akatunukiwa ya Fizikia, wote wawili kwa kazi iliyoanzia kwenye miligramu zisizofika saba.

Kipawa na Kuteleza

Ramsay hakutulia. Mwaka wa 1903, pamoja na Frederick Soddy, alionyesha kwamba radiamu huzaa heliamu inapochakaa. Kwa hilo ikabainika ni kwa nini heliamu ilikuwa imejificha katika madini ya uraniamu. Mwaka wa 1910, pamoja na Robert Whytlaw-Gray, alipima uzani wa gesi itokayo kwenye radiamu, ambayo leo huitwa radoni, akitumia kiasi kisichofika sehemu moja ya kumi ya milimita moja ya ujazo. Familia ikatimia. Aidha, nje ya maabara, alizuru India mwaka wa 1900 kwa mwaliko wa kutoa ushauri juu ya chuo cha utafiti kilichokusudiwa na tajiri Jamsetji Tata, na ndiye aliyependekeza kijengwe Bangalore, ambako kipo hadi leo.

Hata hivyo, mkamilifu ni Mungu. Baada ya kuiona elementi moja ikizaa nyingine, Ramsay alianza kuona mageuzi ya aina hiyo hata pale ambapo hayakuwapo. Mnamo 1907 alitangaza kwamba shaba, ikikaa pamoja na gesi ya radiamu, hutoa lithiamu. Mwaka wa 1908 Marie Curie, pamoja na Ellen Gleditsch, waliurudia uchunguzi huo wakitumia vyombo vya platinamu badala ya kioo, wasiione lithiamu hata chembe. Lithiamu ya Ramsay ilikuwa imetoka kwenye kioo alichokipuliza. Inasikitisha, lakini pia inafunza, kwamba chombo kilichompa sifa ndicho kilichomponza. Katika suala la argoni alikuwa ameifunga milango yote ya makosa kabla ya kusema. Katika suala la lithiamu alisema kwanza.

Vita vilipozuka mwaka wa 1914 aliandika maneno makali dhidi ya Ujerumani na wanasayansi wake, nchi iliyokuwa imemlea kitaaluma. Hapo tayari afya yake ilikuwa ukingoni. Aliaga dunia kwa saratani ya pua tarehe 23 Julai 1916, nyumbani kwake karibu na High Wycombe, akiwa na umri wa miaka 63.

Jibu Lililochelewa

Kinaya cha maisha ya Ramsay ni kwamba jibu la swali lake lilichapishwa katika mwaka uleule wa kifo chake. Njia ilikuwa imefunguliwa kidogokidogo. J. J. Thomson alitangaza kuwapo kwa elektroni mwaka wa 1897. Ernest Rutherford alionyesha mnamo 1911 kwamba atomu ina kiini kidogo katikati. Niels Bohr alizipanga elektroni katika ngazi mwaka wa 1913, na katika mwaka huohuo Henry Moseley akathibitisha kwamba nafasi ya elementi katika jedwali huamuliwa na chaji ya kiini, si uzani wa atomu. Argoni ikapata namba 18 na potasiamu 19, na lile tatizo la 40 kutangulia 39 likatatuka. Ndipo mwaka wa 1916 Walther Kossel nchini Ujerumani na Gilbert Lewis nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake, wakaeleza kwamba kuungana kwa elementi ni shughuli ya elektroni za nje.

Elektroni hukaa katika tabaka zinazokizunguka kiini. Tabaka la kwanza hutosha elektroni mbili, na heliamu inazo mbili. Neoni ina kumi: mbili ndani, nane nje. Argoni ina 18: mbili, nane na nane. Kati ya klorini, ambayo imepungukiwa na elektroni moja, na potasiamu, ambayo ina moja ya ziada, argoni imesimama ikiwa kamili.

Lakini kusema kwamba tabaka limejaa hakutoshi. Atomu haina moyo wa kuridhika. Sababu yenyewe ni gharama ya nishati. Kuing'oa elektroni moja ya argoni kunahitaji nishati inayozidi mara tatu ile inayohitajiwa kwa potasiamu, kwa sababu kiini cha argoni kinazivuta kwa nguvu elektroni zote za tabaka lake la nje. Kuiongezea elektroni nako hakufai kitu: tabaka likiwa limejaa, elektroni mpya itabidi ikae katika tabaka jingine la mbali, ambako elektroni 18 za ndani huuzuia mvuto wa kiini usiifikie. Hata kushirikiana elektroni na atomu nyingine, jinsi oksijeni na naitrojeni zifanyavyo, hakulipi gharama zake. Ndiyo maana atomu za argoni hugongana na kuachana, hugongana na kuachana, bila ya muungano.

Kutokana na maelezo hayo, mtu angeweza kubashiri kwamba gesi ajizi zote hazilingani katika ajizi yao. Zenoni ina elektroni 54, na zile za nje ziko mbali na kiini, hivyo hung'oka kwa urahisi zaidi. Mwaka wa 1962 Neil Bartlett, akifanya kazi Vancouver, Kanada, alitambua kwamba nishati ya kuing'oa elektroni ya zenoni inakaribiana na ile ya molekuli ya oksijeni, ambayo alikuwa ameinyang'anya elektroni kwa msombo mkali wa platinamu na florini. Alizikutanisha gesi mbili, na papo hapo ikatokea dutu ngumu yenye rangi ya manjano na machungwa. Zenoni ilikuwa imeungana. Mwaka wa 2000 watafiti wa Helsinki, nchini Ufini, waliinasa argoni ikiwa imeungana na haidrojeni na florini, ingawa katika baridi kali mno tu. Namba sifuri ya safu ile haikuwa ya kudumu.

Hitimisho

Ramsay aliacha familia ya elementi ambayo leo inamulika mitaa, inalinda nyaya ndani ya taa na kupoza mashine za hospitali. Mnamo 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa, nchini Tanzania, lina heliamu nyingi chini ya ardhi, nayo imezaliwa na miamba mikongwe yenye uraniamu na thoriamu kwa njia ileile aliyoionyesha pamoja na Soddy.

Kwa wanaoshughulika na lugha na istilahi zake, maisha yake yana funzo la ziada. Waliomtangulia walikuwa na kiputo, wakakipuuza kwa kuwa hakikutenda. Yeye alikipa jina, lakini hakulichukulia jina hilo kuwa ndilo maelezo. Alijua kwamba kuiita gesi mvivu ni kulitaja swali tu, na swali hilo aliliacha wazi kwa waliomfuata. Kiswahili kinapoziita gesi hizi ajizi, msomaji hana budi kukumbuka kwamba neno hilo linaitaja tabia, wala haliitoi sababu yake, na kwamba tabia yenyewe ilikuwa na mipaka iliyohitaji miaka 64 zaidi ya kazi kubainika.